Stenti Nne na Kisu Kimoja

Nilipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, katikati ya Novemba 2021, nilimwomba sista anionyeshe kilichotolewa tumboni mwangu. Alisita kidogo, kisha akaleta kisahani cha chuma chenye vimirija viwili vya plastiki ya buluu, kila kimoja kikiwa na urefu wa kidole changu cha kati na unene wa kibomba cha wino cha kalamu ya bei rahisi. Buluu yenyewe ilionekana kwenye ncha tu, kwa kuwa sehemu iliyobaki ilikuwa imevikwa utando wa kahawia ulioteleza kama tope la mtoni, na harufu yake sitaieleza. Nilikiinua kimoja kwa vidole vilivyovaa glavu, nikakielekeza kwenye taa ya dirishani ili nichungulie ndani kama mtu anavyochungulia mtutu wa bunduki, lakini sikuona nuru. Vimirija hivyo, vinavyoitwa stenti, viliwekwa mwishoni mwa Juni ili nyongo ipite, nami nilipaswa kurudi mwishoni mwa Septemba vibadilishwe. Sikurudi. Yaliyofuata yalinilazimu kufikiri upya juu ya uamuzi ambao mara ya kwanza niliufanya kwa dakika tano, nikiongozwa na woga wa kisu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari huko Songea, na ugonjwa wangu ni uvimbe sugu wa kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo kinachotoa vimeng'enya vya chakula na insulini. Ni ugonjwa ambao kongosho huchomeka taratibu kwa miaka, nyama yake laini ikageuka kovu gumu, na ndani ya mfereji wake yakajengeka mawe ya kalsiamu. Visababishi ni vingi: wapo wanaozaliwa na kasoro za kurithi, na wapo vijana wa nchi za joto wanaoupata bila kugusa pombe hata siku moja, hali iliyoelezwa sana Kerala nchini India na ambayo madaktari wa Kampala waliiandikia tangu mwaka 1960. Mimi simo katika makundi hayo. Nilikunywa kwa zaidi ya miaka ishirini, komoni mchana wa Jumamosi na bia usiku, na nilivuta sigara pakiti moja kwa siku. Ninalisema hili mapema kwa sababu nilipolificha kwa daktari wa kwanza nilijichelewesha mwenyewe: alinitibu vidonda vya tumbo kwa karibu miaka miwili, naye hakuwa na kosa, kwa kuwa mgonjwa aliyemweleza habari zake alikuwa mwongo.

Maumivu yalikuwa pale chini ya chembe ya moyo, yakipenya hadi mgongoni, na yakiamka zaidi baada ya kula. Nilijifunza kulala nimekumbatia mto na magoti yamekunjwa. Lakini maumivu siyo yaliyonipeleka Dar es Salaam. Kilichonipeleka ni macho. Machi 2021 mwanafunzi wa mstari wa mbele aliniuliza, kwa adabu zote, kama nilikuwa nimelala vizuri, kwa sababu macho yangu yalikuwa ya njano. Siku hizo mkojo ulikuwa wa rangi ya chai ya mkandaa, choo kilikuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na usiku nilijikuna mpaka mashuka yakawa na madoa ya damu. Majirani walisema ni homa ya manjano, wakaniletea glukosi ya pakiti nikoroge na maji. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoletwa na mbu. Kilichokuwa kimenipata mimi kilikuwa kizuizi cha bomba.

Ili kulielewa hilo inafaa kujua jinsi mabomba yalivyopangwa. Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kila siku, na nyongo hiyo hushuka kwa mfereji mmoja hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Kabla ya kufika huko, sehemu ya mwisho ya mfereji huo, sentimita chache tu, hupita ndani au nyuma ya kichwa cha kongosho. Kongosho ikiwa na afya, mfereji hauna shida. Ikivimba kwa muda mfupi, mfereji hubanwa kisha huachiwa uvimbe unapopungua. Lakini ikijaa kovu, lile kovu huushika mfereji kama saruji iliyomwagwa kuzunguka bomba la mpira, na hapo huwezi kutegemea kwamba utaachia wenyewe. Nyongo ikirudi nyuma kwa miezi, ini lenyewe huanza kuharibika kuelekea sirosisi, yaani kujaa makovu, hata kama mgonjwa hasikii maumivu yoyote upande huo. Ndiyo maana daktari akiona kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatasi kimepanda na kimebaki juu zaidi ya mwezi mmoja, hasubiri macho yawe njano ndipo aanze kufikiria matibabu.

Safari ya basi kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900: Njombe, Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga, matuta ya Mikumi, Morogoro. Mgonjwa wa kongosho huhesabu kila tuta. Katika hospitali kubwa niliyopelekwa kwa rufaa, jambo la kwanza walilolishughulikia lilikuwa swali ambalo hakuna aliyelitamka mbele ya mke wangu mpaka jibu lilipopatikana: je, hiki kichwa cha kongosho kilichovimba ni kovu au ni saratani? Saratani ya mahali hapo huubana mfereji uleule na huleta njano ileile, na mwenye uvimbe sugu wa kongosho yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuipata kuliko watu wengine. Kipimo cha damu kinachotumika kuifuatilia, CA 19-9, hupanda pia kwa sababu tu nyongo imezibwa, kwa hiyo hakikutusaidia. Nilifanyiwa CT, yaani picha za eksirei za ndani ya mwili zinazounganishwa na kompyuta, halafu seli zikakwanguliwa kwa kibrashi kutoka sehemu iliyobana. Majibu yalitoka baada ya siku tisa, na katika siku hizo tisa mke wangu alijifunza kutoniuliza ninafikiria nini.

Haikuwa saratani. Katika picha ya CT kichwa cha kongosho kilionekana kimetapakaa madoa meupe, mithili ya mchele uliomwagika, na mfereji wa kongosho wenyewe ulikuwa umepanuka hadi milimita 9. Daktari alinionyesha madoa hayo kwa ncha ya kalamu. "Haya ni mawe, Mwalimu. Yakumbuke, tutayarudia." Sikuyakumbuka. Nilikuwa nasikiliza neno moja tu: saratani, kwamba haipo.

Kisha akanipa njia mbili. Ya kwanza ni kupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi pale mfereji wa nyongo unapofungukia kwenye utumbo, na kusukuma stenti ndani ya mfereji kutokea chini, kazi wanayoiita ERCP. Ya pili ni upasuaji wa kuukata mfereji juu ya sehemu iliyobana na kuushona kwenye kipande cha utumbo, ili nyongo ipate njia mpya isiyopita kwenye kongosho kabisa. Alieleza kwa utulivu, akisema kwamba kwa mtu mwenye njano kali na uzito wa kilo 51 kama mimi, kuanza na stenti kulikuwa na maana, ila akaongeza kwamba stenti hiyo haitakuwa mwisho wa habari. Mimi niliisikia nusu ya kwanza ya sentensi. Njia moja ilikuwa na kidonda na nyingine haikuwa nacho. Kwangu mjadala ulikwisha. Mke wangu alijaribu kuuliza tutarudi mara ngapi, nikamwambia, "Mama Neema, tutajua mbele ya safari."

Stenti ya kwanza ilifanya kazi kwa namna iliyonipumbaza. Baada ya siku nne kuwashwa kulipungua, baada ya wiki mbili macho yalikuwa meupe, na hamu ya kula ilirudi kwa ghafla hata nikaomba ugali saa nne usiku. Mwishoni mwa Juni nilirudi kama nilivyoagizwa, wakaitoa, wakapanua sehemu iliyobana kwa puto, na wakaweka mbili kwa pamoja badala ya moja. Hapo ndipo nilipoelezwa utaratibu kwa ukamilifu. Stenti moja ya plastiki haitoshi kulifungua kovu. Kinachotakiwa ni kuziongeza ubavu kwa ubavu kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa jumla ya mwaka mzima, ili mfereji ulazimike kutanuka kidogo kidogo na kuzoea upana mpya. Ni sawa na anayetanua kiatu cha ngozi kwa vibao, akiongeza kibao kimoja kila wiki. Miezi hiyo mitatu haikuwekwa kwa ajili ya ratiba ya kliniki. Bakteria hutandaza utando ndani ya plastiki, matope ya nyongo yakanata juu ya utando, na baada ya muda huo tundu huziba. Stenti iliyoziba ni hatari kuliko kutokuwa na stenti, kwa kuwa imekwisha kufungua mlango kati ya utumbo wenye vijidudu na mifereji ya ini ambayo kwa asili haina vijidudu.

Miadi ya tatu ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Ninavyo visingizio vyangu vyote kwenye foleni. Kidato cha nne walikuwa wanajiandaa na mtihani wa taifa, nami ndiye niliyekuwa mwalimu pekee wa fizikia. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, malazi ya siku sita na gharama ya stenti ambazo bima yangu ilizilipia kwa sehemu tu, vilikuwa vimekwisha kula mahindi ya msimu mzima. Lakini sababu ya kweli ni kwamba nilijisikia mzima. Hakuna ugonjwa unaomdanganya mtu kama ule ambao dawa yake huondoa dalili zote ilhali chanzo kimebaki palepale, kimeshikiliwa na kipande cha plastiki chenye tarehe ya kuisha.

Wiki ya kwanza ya Novemba nilianza kutetemeka darasani. Baridi ilinishika saa tano asubuhi, jua likiwaka, meno yakagongana mbele ya wanafunzi arobaini. Katika zahanati moja ya jirani nilipimwa malaria, kipimo kikatoka hasi, na bado nikapewa dawa ya malaria, kwa kuwa kwetu homa ya kutetemeka ina jina moja tu. Sikuwaambia kwamba nilikuwa na stenti tumboni, sikuona uhusiano. Siku ya tatu macho yalikuwa njano tena, fahamu zikaanza kuyumba, na mke wangu ndiye aliyetoa kadi ya miadi kutoka kwenye mkoba na kuiweka juu ya meza ya daktari katika hospitali tuliyokimbilia. Daktari yule aliisoma tarehe, akaniangalia, akaagiza antibiotiki za mshipani saa hiyohiyo. Yalikuwa maambukizi ya mifereji ya nyongo, ambayo yakiingia kwenye damu huua mtu ndani ya siku chache. Presha iliposhikilia, shemeji yangu alinilaza kiti cha nyuma cha gari aliloazima, dripu ikining'inia kwenye ndoano ya kutundikia koti, tukaenda Dar es Salaam bila kulala njiani. Zile stenti mbili zikatolewa, ikawekwa nyingine, ya nne, kwa ajili ya kuokoa maisha tu, na nikaletewa kile kisahani.

Mazungumzo niliyopaswa kuyafanya mwezi Machi niliyafanya Desemba, na safari hii niliketi na daktari wa upasuaji pamoja na yule wa kamera katika chumba kimoja. Ninawashukuru kwa kutogombana mbele yangu na kwa kutonificha kwamba kila mmoja alikuwa na upande wake. Daktari wa kamera alisema wazi kwamba mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2018 unapendekeza stenti kwa tatizo la mfereji wa nyongo kama langu: ama za plastiki nyingi kwa pamoja, ama moja ya chuma iliyofunikwa, inayojitanua yenyewe. Akanitajia utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 60 wa kongosho sugu, ambako baada ya miezi sita ya stenti na kufuatiliwa miaka miwili, takriban tisa kati ya kila kumi hawakuwa wamebanwa tena, na plastiki na chuma vilikaribiana mno. Namba hizo zilinivutia. Nikauliza kwa nini basi tusiendelee.

Daktari wa upasuaji hakuzipinga. Aliniuliza kama wagonjwa wale walirudi kwenye miadi. Kisha akarudisha ile picha ya CT yenye mchele uliomwagika, akanipa karatasi iliyochapishwa ya utafiti kutoka Magdeburg, Ujerumani, wa mwaka 2003, akijua kwamba mwalimu wa fizikia hushawishika kwa jedwali. Wagonjwa walikuwa 61, wote na ugonjwa wangu, wote wamebanwa mfereji wa nyongo, wote wamewekewa stenti. Kati ya 22 ambao hawakuwa na mawe kwenye kichwa cha kongosho, 13 walikuwa wamefanikiwa baada ya mwaka mmoja. Kati ya 39 waliokuwa na mawe kama yangu, waliofanikiwa walikuwa 3. Nilizihesabu upya safu zile mara mbili. Daktari wa kamera akaingilia kwa haki, akisema kwamba utafiti ule ulitumia stenti moja ya plastiki kwa wakati, na kwamba nyingi kwa pamoja, au ya chuma, hufanya vizuri zaidi kuliko hapo. Wote wawili wakakubaliana pia kwamba utafiti wa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wa kumpanga mgonjwa huyu kwenye kamera na yule kwenye kisu kwa ajili ya mfereji wa nyongo peke yake, haukuwahi kuwapa jibu la moja kwa moja, na kwamba uamuzi unabaki kwa mgonjwa mmoja mmoja: mawe yake, ini lake, maumivu yake, na umbali wa nyumbani kwake.

Hiyo ya umbali ilitajwa na daktari wa upasuaji kana kwamba ni kipimo cha maabara, na sijaacha kulifikiria hilo. Mwaka mzima wa stenti za plastiki kwa mtu wa Kariakoo ni safari nne za bajaji. Kwangu ilikuwa zaidi ya kilomita 7,000 za barabara, na tayari nilikuwa nimethibitisha kwa mwili wangu kwamba sizimudu.

Suala la chuma nililichunguza kwa upande mwingine. Kwenye benchi la kliniki nilikuwa nimezoeana na mama mmoja wa Kilwa, mwenye ugonjwa kama wangu lakini bila mawe mengi, ambaye Februari ya mwaka huo aliwekewa stenti ya chuma iliyofunikwa, nduguze wakiwa wamechangishana. "Kaka, mie nakaa miezi kumi sina habari na mtu," aliniambia, akicheka. Kama mwalimu nilimpigia hesabu kwenye ukingo wa gazeti: stenti ya plastiki ya kawaida ina kipenyo cha nje cha milimita 3.3, ya chuma ikitanuka kabisa hufika 10, na kwa sheria ya Poiseuille, ambayo nimeifundisha kidato cha tano kwa miaka yote hii bila kudhani ingenihusu, mtiririko hukua kwa kipeo cha nne cha nusu kipenyo. Tatu kwa kipeo cha nne ni 81. Nyongo si maji safi na mfereji si bomba la maabara, lakini hata ukipunguza hesabu hiyo utakavyo unaelewa kwa nini ya chuma haizibi upesi. Ina ila zake: ikiwa imefunikwa ili iweze kutolewa, inaweza pia kuteleza, na ya yule mama iliteleza kidogo mwezi wa saba, ikabidi irekebishwe. Ilitolewa mwezi Desemba, na mfereji wake ulibaki wazi. Sikumwonea wivu, ila nilitamani kongosho yake.

Kilichokata shauri ni maumivu, jambo ambalo mpaka hapo kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza, alikuwa amelisahau kwa sababu ya njano. Stenti ya nyongo haikugusa kabisa ule uchungu wa mgongoni, kwa kuwa uchungu haukutoka kwenye nyongo. Ulitoka kwenye mfereji wa kongosho uliojaa mawe na kichwa kilichovimba. Kwa upande huo ushahidi ulikuwa mzito zaidi. Jaribio la Amsterdam lililochapishwa mwaka 2007 liliwapanga wagonjwa 39 kwa kura, nusu kamera na nusu kisu, na walioishia na nafuu ya maumivu walikuwa asilimia 32 upande wa kamera na asilimia 75 upande wa kisu. Jaribio jingine la Uholanzi, la wagonjwa 88, lilichapishwa mwaka 2020 na likaelekea upande huohuo. Daktari wa upasuaji alisisitiza nisichanganye mambo: namba hizo ni za maumivu, hazihusu nyongo. Lakini kwa mtu mwenye matatizo yote mawili, alisema, kisu kimoja kinaweza kuyashughulikia kwa mkupuo mmoja, ilhali kamera ingehitaji kazi mbili tofauti zenye ratiba mbili tofauti.

Nilipasuliwa Februari 2022. Wiki sita za kabla yake zilitumika kuninenepesha, kwa mayai, uji wa lishe na vidonge vya vimeng'enya vya kongosho, na kuhakikisha maambukizi yamekwisha. Hapa ndipo stenti ya nne ilipolipa deni lake: bila hiyo ningeingia chumba cha upasuaji nikiwa wa njano, mwenye homa na damu isiyoganda vizuri. Kwa hiyo ninapowasikia wagonjwa wakizungumza juu ya kamera na kisu kama timu mbili za mpira, nashindwa kuchagua jezi. Moja ilinifikisha kwenye nyingine nikiwa hai.

Walichofanya nilichorewa kwenye karatasi siku moja kabla. Kichwa cha kongosho kilichimbwa kama unavyokomba nyama ya papai na kuacha ganda, mfereji wake ukapasuliwa kwa urefu na mawe yakatolewa. Huo ni upasuaji unaobeba jina la Frey, daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1987. Niliuliza kama kule kuchimba hakutoshi kuuachia na mfereji wa nyongo pia. Alijibu kwamba kwa baadhi ya watu hutosha, ila kovu langu lilikuwa la muda mrefu mno kwake kuliamini. Kwa hiyo mfereji wa nyongo ulikatwa juu ya sehemu iliyobana, kifuko cha nyongo kikaondolewa, na kipande cha utumbo mwembamba kikavutwa juu kikashonwa kwenye kongosho na kwenye mfereji wa nyongo. Nyongo yangu sasa inaingia kwenye utumbo kwa njia ambayo sikuzaliwa nayo.

Nisiifanye ionekane nyepesi. Nusu kaputi ilichukua saa sita. Siku ya tatu, maji ya mrija uliotoka ubavuni yaligeuka kijani kibichi, dalili kwamba mshono ulikuwa unavuja nyongo, na kwa siku nane nililala nikisikiliza jinsi sista anavyovuta pumzi kila anaposoma kipimo cha chupa: mililita 180, 150, 160, 90. Ulijifunga wenyewe bila kupasuliwa tena, lakini kuna wanaorudishwa mezani, na kuna wasiotoka. Nilikaa wodini siku 16. Kovu langu linaanzia chini ya mbavu za kulia na kuvuka hadi kushoto, na kwa miezi mitatu sikuweza kunyanyua ndoo ya maji.

Tangu siku hiyo sijawekewa stenti nyingine. Maumivu hayakuisha kabisa, ila yamerudi kuwa kitu kinachonitembelea mara mbili au tatu kwa mwaka, na sijikunji tena nikilala. Pombe na sigara niliacha vyote, na daktari alinieleza bila kunibembeleza kwamba ningeendelea navyo, angekuwa amepoteza uzi wake bure. Kila miezi sita ninapima alkalini fosfatasi hapahapa Songea na kumtumia majibu kwa simu, kwa sababu hata ule mshono mpya unaweza kubana baada ya miaka, na ukibana utaanza kimya kama wa kwanza. Kongosho iliyobaki haitoshi kumeng'enya mafuta, kwa hiyo vidonge vya vimeng'enya hukaa kando ya chumvi mezani. Mwaka 2023 nilianza sindano za insulini; upasuaji huenda uliharakisha kisukari hicho, lakini kovu lenyewe lilikuwa njiani kukileta.

Mama wa Kilwa hunipigia simu kila Desemba, mwezi ambao stenti yake ilitolewa. Safari iliyopita aliniambia kwamba macho bado meupe, na kwamba wanawe wamemnunulia kioo kipya maana cha zamani amekichosha kwa kujikagua. Kisha akauliza, "Na sukari yako, kaka?" Nikamsomea namba ya asubuhi ile, 7.4. Akanyamaza kidogo, akahesabu, akasema yeye yake ni 5. Nikamwambia mimi sina miadi ya kubadilishiwa kitu chochote mpaka nife, naye akacheka kwa muda mrefu, akasema hata yeye sasa hana.